Fundi anataka kupiga Windows upya, na hesabu za kikoba zimo humo humo

Swali

Habari za kazi. Nina stationari ndogo hapa Morogoro, jirani na shule ya sekondari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza kadi za michango, na msimu wa mitihani walimu huniletea kazi zao nizichape. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya boksi. Imenilisha vizuri tu mpaka juzi.

Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu mpaka taa za dukani zikawa nyeupe pe, ukakatika tena, ukarudi. Kompyuta ikazima moja kwa moja, nyuma ikatoa harufu ya waya kuungua. Nikamwita kijana wetu, mtoto wa dada yake mume wangu, ndiye fundi wa familia. Akasema pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya boksi, imekufa, akatafuta nyingine, akafunga. Kweli CPU inawaka sasa, feni inazunguka, monita inaonyesha nembo. Lakini ikitoka kwenye nembo inaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: "No bootable devices found", halafu inanitaka nibonyeze F1, F2 au F5. Nikibonyeza F1 inarudi pale pale.

Kijana anasema umeme umeua Windows, dawa ni kuipiga upya, kazi ya jioni moja. Nikamuuliza, na vitu vyangu? Akasema vilivyoko kwenye D havitaguswa. Mimi hayo mambo ya C na D siyajui, vitu vyangu vyote naweka pale mbele, skrini ikiwaka tu naviona.

Kazi za wateja ningeweza kuwaomba radhi. Kinachoninyima usingizi ni kikoba. Mimi ndiye katibu, na hisa, mikopo, riba na faini za miaka minne ziko kwenye Excel humo. Tunavunja Desemba. Wanachama wanajua katibu ana kila kitu kwenye kompyuta, nami sijawaambia kitu.

Labda niongeze hili. Kabla ya balaa, kila asubuhi nikiwasha nilikuta saa na tarehe zimerudi nyuma miaka, inaniambia nibonyeze F1 niendelee, nabonyeza, maisha yanasonga. Na sasa ikiwaka kuna sauti nasikia ndani, ila sijui kama ni feni au ni kitu kingine.

Nimruhusu kijana? Nikikataa ataona namdharau, na baba watoto ameshaanza kusema namkatia kijana riziki.

Katibu asiyelala, Morogoro

Jibu

Pole sana, dada katibu. Usimruhusu kupiga Windows kwenye hiyo diski, yaani ghala la ndani ya boksi linalotunza Windows na mafaili yako yote. Kwenye diski nyingine, wiki ijayo, apige hata mara tatu akipenda.

Nianze na hilo la C na D, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Pale mbele unapoweka vitu vyako ndiyo Desktop, na Desktop ni folda ya kawaida iliyo ndani ya C, kile kipande cha diski chenye Windows, kwenye jina lako la mtumiaji. My Documents nayo iko C, na vile unavyopakua kwenye mtandao viko C. Kijana hajakudanganya aliposema cha D hakiguswi, ila hakukuuliza unahifadhi wapi. Windows 10 ikipigwa juu ya C iliyofomatiwa, inaandika gigabaiti nyingi mpya mahali pale pale ambapo faili lako la Excel limelala. Diski ikifomatiwa haraka haraka, vitu vya zamani huwa bado vipo chini kwa chini na mtaalamu anaweza kuvifukua. Vikishaandikiwa juu, hakuna wa kuvifukua, hata ukimlipa mamilioni. Na D yenyewe mara nyingi ni kipande cha diski ile ile moja. Mkono ukiteleza kwenye ukurasa wa kuchagua pa kusakinisha, inakwenda na yenyewe.

Sasa turudi kwenye maandishi yako. Hayasemi kwamba Windows imekufa. Yanasema kompyuta imejikagua, ikaridhika na prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na madabodi (ubao mkuu unaounganisha vyote), kisha ikatafuta mahali pa kuanzia kazi na haikupaona. Kama ingekuwa RAM au madabodi, mara nyingi usingeona nembo wala maandishi, ungebaki na skrini nyeusi, milio, au taa ya kitufe cha kuwashia kugeuka rangi ya machungwa. Kwa hiyo kijana ameifanya vizuri kazi ya kwanza, na mpe haki yake hapo: pawa saplai ya 9020 haiokotwi popote, plagi yake ya kwenye madabodi ina pini 8 badala ya zile 24 za kompyuta nyingi za boksi. Ameitafuta mpaka kaipata. Alipokosea ni kuruka kutoka kwenye maandishi hadi kwenye dawa bila kupita katikati.

Katikati kuna washukiwa watatu, na barua yako imewataja wote bila wewe kujua.

Wa kwanza ni waya. Kwenye mashine hii diski haipati umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai kama zilivyo nyingi. Inaupata kupitia madabodi, kwa kawaya kembamba kanakochomekwa kwenye ubao wenyewe. Fundi aliyezoea kompyuta nyingine akifungua na kufunga, hako kawaya ni rahisi kukisahau au kukiacha kimelegea. Kuna na waya wa pili bapa, wa data, nao unachomoka ukiguswa na kiwiko.

Wa pili ni betri ya saa. Tarehe kurudi nyuma kila asubuhi ilikuwa dalili, dada, na F1 uliyokuwa unabonyeza ilikuwa inaifunika tu. Ndani ya kila kompyuta ya boksi kuna betri bapa ya duara, ukubwa wa sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa umeme usipokuwepo, na ikishachoka mipangilio ya msingi nayo huweza kupotea na kurudi ya kiwandani. Mmojawapo ni ule unaoiambia kompyuta itafute Windows kwa mtindo gani: wa zamani, unaoandikwa Legacy, au mpya, unaoandikwa UEFI. Windows iliyosakinishwa kwa mtindo mmoja haionekani kompyuta ikitafuta kwa mtindo mwingine. Diski nzima, Windows nzima, na skrini inakuambia hakuna kitu. Nimeona diski nzuri zikifomatiwa kwa kosa hilo tu, na betri yenyewe haifikii bei ya chipsi mayai.

Wa tatu ndiye ninayemhofia, diski yenyewe kupigwa na ule umeme uliorudi.

Namna ya kuwatenganisha ni hii. Washa kompyuta, ikileta yale maandishi bonyeza F2. Utaingia kwenye kurasa za mipangilio. Usibadilishe chochote. Chukua simu upige picha kila ukurasa unaoufungua, kwa sababu kesho mtu atakuuliza ilikuwaje. Upande wa kushoto fungua General, kisha System Information, ushuke mpaka penye SATA-0, SATA-1 na kuendelea, hayo ndiyo matundu ya kuchomekea diski. Mbele ya mojawapo panatakiwa pawe na jina la diski, herufi na tarakimu zisizo na maana kwako. Likiwepo, kompyuta inaiona diski. Kama zote zimeandikwa none, haioni.

Wakati uko hapo, zima redio, mwambie anayetoa kopi asubiri, uweke sikio karibu na boksi. Feni inavuma mfululizo. Diski nzima inaanza kwa mvumo mwembamba unaopanda, kisha inatulia, mara moja moja inakwaruza kidogo. Diski iliyoumia inagonga: tak, tak, tak, inanyamaza, inaanza tena kwa mpangilio ule ule. Ukisikia kugonga huko, chomoa umeme hapo hapo na usiwashe tena hata kwa kumwonyesha mtu. Ndani mle kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache, ndogo kuliko chembe ya moshi wa sigara. Kichwa kilichoharibika kikiendelea kutembea kinakwangua pale pale palipoandikwa hisa zenu.

Tuseme diski haionekani na haina sauti yoyote. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kidogo umeme uliobaki uishe, kisha kijana afungue boksi na achomeke upya nyaya zote mbili za diski, pande zote mbili, wa diskini na wa kwenye madabodi. Akiwa na waya mwingine wa data ajaribu nao. Ikionekana baada ya hapo, tumemkamata mshukiwa wa kwanza. Kama bado iko kimya kama jiwe, inawezekana umeme umechoma ule ubao wa kijani ulioko chini ya diski. Hapo atatokea mtu atakayekuambia anao ubao kama huo kutoka kwenye diski nyingine ya aina ile ile, abadilishe tu. Mkatalie. Diski za miaka hii zina chipu ndogo kwenye ubao inayobeba vipimo vya diski hiyo moja peke yake, na ubao wa kuazima usiohamishiwa chipu hiyo kwa kawaida hausomi kitu. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa vya kufufua data, na hata huyo muulize kwanza anatoza nini akishindwa.

Tuseme sasa inaonekana na haigongi, jambo ambalo kwa dalili ya betri yako nalipa nafasi kubwa. Hapa kijana atataka kubadilisha betri, kurekebisha tarehe na kujaribu kuiwasha. Nadhani atafanikiwa. Hata hivyo nasema nakili kwanza. Windows ikiamka baada ya kuzimwa vibaya inaweza kuanza kujikarabati bila kukuuliza, inaandika huku na kule, na kama diski ina majeraha madogo, ukarabati huo ndio unaoimalizia.

Diski mnaitoa hivi. Kwenye OptiPlex imekaa kwenye kibebeo cha plastiki cha bluu, mnabana masikio yake mawili inatoka, hata bisibisi haihitajiki. Shikeni pembeni, msiguse ubao wa chini, msiidondoshe hata kwa urefu wa kiganja. Kisha mnaiunganisha na kompyuta nyingine nzima kwa njia mbili. Moja ni kuichomeka ndani ya kompyuta nyingine ya boksi kama diski ya pili. Nyingine ni kutumia adapta ya kwenda USB, ila angalieni: diski kubwa ya boksi inataka volti 12, kwa hiyo adapta lazima iwe na chaja yake ya kuchomeka ukutani. Zile ndogo za laptopu, zinazokula umeme wa USB peke yake, hazitaizungusha. Zitawapa hofu ya bure mdhani imekufa.

Kompyuta hiyo nyingine inaweza kuleta maneno mawili ya hatari. La kwanza, inapowaka, inasema itakagua diski na kuanza kuhesabu sekunde kurudi nyuma. Bonyeza kitufe chochote uiruke. La pili, inasema diski hii inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Jibu ni hapana, na hapo msimame, mniandikie au mumtafute mtaalamu. Ikisema tu kwamba huna ruhusa ya kufungua folda, hilo halina neno, bonyeza Continue.

Ukishaingia, nenda Users, fungua jina lako, fungua Desktop. Anza na Excel ya kikoba. Peke yake. Inakili kwenye kompyuta mnayoitumia na kwenye flashi, kisha ifungue uone namba zimo, usiridhike na kuona jina la faili. Baada ya hapo ndipo ziende kazi za walimu, picha, na mengine. Msiburute C nzima kwa mkupuo. Faili moja bovu linaweza kuikwamisha safari yote na diski ikazidi kuchoka. Kama kunakili kunaganda ganda, acheni. Kuna programu ya bure inayoitwa ddrescue, inaendeshwa kwenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi. Inanakili kwanza sehemu nzima za diski kwenda kwenye diski nyingine, zile mbovu inazirudia mwisho, na inaweka kumbukumbu ya ilipofikia. Kijana akiijua hiyo ameongeza ujuzi wa kulipwa.

Baada ya kunakili mna uhuru. Wekeni CR2032 mpya, rekebisheni tarehe, mwingie tena F2. Chini ya Boot Sequence jaribuni kuhama kutoka UEFI kwenda Legacy. Ikigoma kuchagulika, kwanza Secure Boot izimwe na Legacy Option ROMs iwashwe kwenye Advanced Boot Options. Windows ikianza kuwaka halafu ikaleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, nendeni kwenye SATA Operation, kama iko RAID On iwe AHCI. Mara nyingi sana hadithi inaishia hapo na hakuna Windows iliyopigwa.

Lakini kwa duka linalokula umeme wa kurukaruka, mimi nisingeirudishia diski hiyo kazi ya kila siku. Nunua SSD ndogo, ile diski isiyo na sahani zinazozunguka, kijana apige Windows humo, na wakati anapiga diski ya zamani iwe nje ya boksi kabisa, isiwe imechomekwa. Hiyo ndiyo kazi yako ya kumpa, na ndiyo itakayomnyamazisha baba watoto. Mwambie hivi: "Mwanangu, pawa saplai umenitendea haki, hela yako hii. Windows utanipigia kwenye diski mpya, na hiyo nakulipa vilevile. Hii ya zamani inakaa kwangu kabatini mpaka tuvunje kikoba." Hapo riziki yake haijakatwa, imeongezeka.

Na ikae kwako kweli. Humo mna nakala za vitambulisho vya watu, picha zao, pengine na mitihani ambayo haijafanywa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mtihani ukivuja kutoka kwenye diski iliyoachwa mezani kwa fundi, mwalimu atakuja kwako.

Kuhusu umeme kwa kifupi: umeme ukikatika, chomoa kompyuta ukutani, na ukirudi subiri utulie ndipo uchomeke. Ukinunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kompyuta na monita ndivyo viwe juu yake. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi inapopasha moto na UPS ndogo itazidiwa.

Halafu hili lifanye leo, kabla hata ya kufungua boksi. Tafuta kwenye WhatsApp yako na ya mwenyekiti, na kwenye barua pepe, kama uliwahi kutuma lile faili la Excel, hata la mwaka jana. Makatibu wengi hutuma kabla ya mkutano wakasahau. Kisha waambie wanachama kompyuta imeharibika, na mkutano ujao kila mmoja aje na kitabu chake cha hisa, mweka hazina aje na daftari la fedha na stakabadhi za benki au za simu. Pigeni picha kila ukurasa. Diski ikifunguka utalinganisha, isipofunguka utaandika upya kutoka kwenye vitabu hivyo, na Desemba bado ina muda. Wakisikia leo kutoka kwako ni habari ya umeme. Wakisikia Novemba kutoka kwa mtu mwingine, wataulizana zaidi ya habari za umeme.